Akiba bila kununa: mwongozo kwa anayeishi kwa giza na mbalamwezi Kigoma

Miongozo mingi ya fedha imeandikwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. "Tenga asilimia kumi kila mwisho wa mwezi." Sasa mwambie hivyo mama anayenunua dagaa wabichi mwaloni Kibirizi, pale boti za uvuvi zinapofikia, saa kumi na mbili asubuhi, anawaanika, anauza wakikauka, na hajui kesho boti zitarudi na nini. Mwisho wa mwezi kwake ni tarehe tu ya mwenye nyumba kubisha hodi. Hela yake inakuja kwa giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, na mbalamwezi ikitoka inakatika.

Halafu miongozo hiyo ina kasoro ya pili, na kwangu hii ndiyo kubwa: inamtaka mtu ajibane, akunje uso, asubiri kufurahi siku lengo likitimia. Kwa ninavyoona mimi, wengi wanaoacha kuweka akiba hawaachi kwa kukosa hela. Wanaacha kwa kuchoka. Miezi minne ya "hapana, najibana" inatosha kumfanya mtu avunje kibubu siku ya harusi ya shoga yake, na asirudi tena.

Na kusubiri kwenyewe hakulipi kama tunavyodhani. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti uliowahoji washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois. Furaha yao haikuwa na tofauti kubwa na ya watu wa kawaida waliolinganishwa nao, na mambo madogo ya kila siku, kama kupiga soga na rafiki au kula kifungua kinywa, yaliwapa raha kidogo kuliko wenzao. Ni watu wachache, usiufanye msahafu. Lakini yeyote aliyewahi kuisubiri simu mpya kwa mwaka mzima anajua baada ya wiki tatu inakuwa simu tu. Kwa hiyo raha tuiweke njiani, na tuiweke kwa hesabu.

Mifano yangu nimeijenga juu ya biashara ya dagaa kwa sababu ndiyo inayoushika mji huu, kuanzia Katonga hadi Kibirizi. Kama wewe ni mwalimu Kasulu, bodaboda Mwanga au una shamba la michikichi, badili majina, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Chagua lengo kwa kuangalia kazi yake

Watu huchagua lengo kwa kutazama zawadi: nyumba, pikipiki, duka. Wewe tazama kwanza siku zitakazokufikisha huko zitakuwa za namna gani. Ukiambiwa genge linalipa, na wewe ni mtu usiyeweza kukaa sehemu moja saa tatu bila kuinuka, genge hilo utalichukia hata likikuingizia hela. Kuna anayependa kelele za mwaloni, kupatana bei, kujua boti ya tajiri gani imeingia. Huyo apewe lengo linalomweka mwaloni. Kuna anayependa kutulia na kazi ya mikono, kama cherehani au sabuni ya mise, yaani ya mafuta ya kokwa za mchikichi. Huyo mwaloni patamchosha tu.

Ukishachagua, lipe sura. "Nataka nijikwamue" halina sura. "Nataka mtaji wa 1,350,000 ili ninunue dagaa wangu mwenyewe, nikaushe, nijaze magunia na kuyapeleka Dar bila kukopa kwa mtu" lina sura, lina bei, na kila siku unaweza kujiuliza limesogea au halijasogea. Bei usiikisie. Zunguka, uliza kwa wauzaji zaidi ya mmoja, ongeza usafiri na mifuko, ndipo uandike.

Hatua ya 2: Tumia kalenda ya mwezi wa angani

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwavuti vizuri, wavuvi wanapumzika wiki moja hivi, wengine zaidi, wanashona nyavu. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Ukitoa za mbalamwezi, unabaki na siku kama 20 za kazi. Hilo ndilo giza moja, na ndiyo "mwezi" wako wa fedha.

Juu ya hapo, kuanzia 2024 Ziwa Tanganyika limekuwa likifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Fuatilia tangazo la kila mwaka. Maana yake kwenye daftari lako ni kwamba mwaka una giza tisa za kazi, na si miezi kumi na mbili. Anayegawa lengo lake kwa 12 amejidanganya tangu siku ya kwanza, na ikifika Juni atajiona mzembe ilhali kosa lilikuwa la kugawanya.

Sasa chukua kalenda ya ukutani, ile ya bure ya dukani inatosha, uweke alama za mbalamwezi mwaka mzima. Kisha andika matumizi makubwa yanapoangukia. Januari kuna sare na madaftari. Ada kwenye shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, ila mtoto haendi shule na ada peke yake. Kwa Waislamu kuna jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu. Idi ya kumaliza Ramadhani huja mwezi ukiandama, yaani ndani ya giza, boti zinaingia na hela ipo. Idi ya kuchinja huja tarehe kumi ya mwezi, mbalamwezi imeshaanza kung'aa na biashara imepoa. Tena kuanzia 2024 imekuwa ikiangukia ziwa likiwa limefungwa. Nguo za watoto za Idi hiyo zinunuliwe Aprili, boti zikiwa bado zinaingia.

Hatua ya 3: Gawa hela, na raha iwe na fungu lake

Tuseme faida yako kwa giza moja, ukishatoa mtaji, chumvi, vibarua na usafiri, ni 480,000. Mgawo unaweza kuwa hivi:

- matumizi ya nyumbani: 220,000
- lengo: 150,000
- akiba ya ziwa kufungwa: 60,000
- michango ya harusi, misiba na ndugu: 25,000
- raha: 25,000

Lengo la 1,350,000 ukiligawa kwa giza tisa ni 150,000. Ukigawa tena kwa siku 20 za kazi ni 7,500 kwa siku, na 7,500 mtu anaweza kuibeba kichwani bila kuumwa. Nashauri utoe kila siku unapouza. Ukisema utakata mwisho wa giza, hela itakuwa imeshapata matumizi.

Fungu la raha ndilo watu wanalikata kwanza, eti ni anasa. Mimi naliona ndilo linalobeba mengine yote. Lina masharti matatu tu. Litumike lote ndani ya giza lilelile, lisiwekwe akiba; akiba ina fungu lake. Litumike kwa jambo ulilolipanga mapema, maana nusu ya raha iko kwenye kulisubiri. Na usiliombee radhi kwa mtu.

25,000 Kigoma inafanya mengi. Kuhe mzima wa kukaanga na ugali wa muhogo, ukala na watoto mkiwa mmekaa, si kwa kusimama jikoni. Kiingilio cha mechi ya timu yetu ya Mashujaa uwanja wa Lake Tanganyika, na karanga mkononi. Jioni ya kahawa na kashata barazani Ujiji, ambayo hata haifiki huko. Kitenge cha giza hili, kushonesha giza lijalo. Mpe na mtoto nafasi ya kuchagua mara moja moja. Akichagua yeye, atakulindia lengo kuliko wewe mwenyewe, maana anajua giza likifungwa vizuri kuna chake.

Giza likiwa baya je? Punguza fungu la lengo kwanza, raha ipunguze nusu, na akiba ya ziwa kufungwa usiiguse. Giza likiwa nono, nusu ya ziada iende kwenye lengo na nusu kwenye mtaji. Usiipandishe raha kwa sababu ya giza moja zuri, kuishusha tena ni shida.

Hatua ya 4: Ipende kazi kwa kuijua zaidi

Hapa ndipo furaha kubwa ilipo, na haigharimu kitu.

Simama asubuhi mwaloni uwatazame wawili wanaokausha dagaa. Mmoja kamwaga mchangani, kaondoka. Mwingine kawatandaza juu ya chanja, safu nyembamba, hakuna dagaa aliyelala juu ya mwenzake, na jua likipanda anapita akiwageuza kwa mkono taratibu, anaokota waliovunjika na kuwaweka pembeni. Dagaa wa mchangani anabeba mchanga, na mnunuzi wa Dar anautambua kwa kutafuna mmoja tu. Wa chanja anabaki mweupe wa kung'aa, na ukimkunja akiwa amekauka sawasawa anakatika kwa mlio. Asiyekauka anapinda tu, na ukimfunga kwenye gunia hivyo, siku chache baadaye anageuka rangi, anatoa harufu na kuwaharibia wenzake.

Wote wawili wamenunua kwa bei moja. Ila wa pili ana jambo la kujiuliza kila siku: leo jua ni kali, niwageuze mara ngapi? Mawingu ya masika yakija niwafunike turubai saa ngapi? Kazi yenye swali ndani yake haichoshi haraka. Kwa hiyo kila giza jipe jambo moja la kujifunza. Giza hili, kukausha bila kupoteza. Lijalo, kujua bei ya Dar kwa kumpigia mnunuzi kabla ya kuuza, na si kusikia kwa dalali. Linalofuata, kuchambua kwa ukubwa. Muulize bibi aliyeko mwaloni tangu enzi za karabai. Shikamoo yako na kikombe cha chai vitakupa darasa usilolipata semina yoyote.

Pia badilisha unachokihesabu. Salio la simu halikutii, leo linapanda, kesho linashuka kwa sababu ya upepo ziwani. Vitendo vyako vinakutii. Kwa hiyo kwenye kalenda ile ya ukutani weka alama kila siku uliyofanya matatu: umeandika mauzo, umetoa 7,500, umefanya kazi yako vizuri kadiri ya uwezo wako. Siku ambayo boti zilirudi tupu, hela hukutoa, lakini uliandika na ulifanya kazi safi, weka alama nusu. Usijinyime alama kwa kosa la upepo.

Hatua ya 5: Hela ikae mbali na mkono, wewe ukae karibu na watu

Kibubu cha mbao ni kizuri kwa hela ya siku chache tu. Hakina kumbukumbu, kinaungua, na ndugu wanajua kilipo. Simu ni salama zaidi, ila makato ya kutuma na kutoa yanakula, na hela iliyo mfukoni inaitika kila inapoitwa. Tumia simu kama njia ya kupitia. Kibubu siku sita, ya saba kwa wakala, kisha ihamie inapokaa.

Inapokaa, mimi naanza na kikoba. Mfumo huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama chini ya shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima, na sababu ya kudumu kwake si riba peke yake. Ni kile kikao. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, hisa zinahesabiwa mbele ya wote, aliyechelewa anatozwa faini na kutaniwa, kuna mfuko wa jamii wa misiba, kuna wimbo. Mtu anayeweka akiba peke yake anajinyima. Anayeweka kwenye kikoba ana miadi ya kwenda kucheka na wenzake. Tofauti hiyo usiidharau.

Kabla ya kuingia, uliza mambo haya: katiba ipo kwa maandishi? Kikundi kimesajiliwa halmashauri, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018? Anayeshika daftari na anayeshika hela ni watu tofauti? Na swali ambalo Kigoma lina uzito wa pekee: tunavunja lini, yaani tunagawana lini hela yote? Vikoba vingi huvunja Desemba kwa mazoea, hela inaishia kwenye sikukuu. Kikundi cha watu wa ziwa kikivunja wiki ya kwanza ya Mei, mgao unakukuta mlangoni mwa miezi mitatu ya ziwa kufungwa, wakati unapouhitaji kuliko wakati wowote. Lipeleke wazo hilo kikaoni. Mwenyekiti akipinga, mwonyeshe kalenda.

Kwa lengo la zaidi ya mwaka mmoja, tazama mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya serikali, ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Unanunua vipande, unaongeza kidogo kidogo, na ukitaka kutoa unasubiri siku chache za kazi. Kusubiri huko ni kuzuri. Hamu ya kununua inapoa. Thamani ya kipande inaweza kupanda na kushuka, kwa hiyo usiweke humo hela ya chakula.

Mikopo ya haraka ya simuni, ile wenyewe tunaiita kausha damu, ikimbie. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hakuna raha ya safari kwa mtu anayepigiwa simu za vitisho saa nne usiku.

Hatua ya 6: Kikao cha mbalamwezi

Mwezi ukishapevuka na mwaloni umetulia, chagua jioni moja ya kufunga hesabu. Fanya kila mbalamwezi, kwa namna ileile, na uifanye jioni ya kupendeza: chai ya tangawizi, daftari, redio kwa sauti ya chini. Kama una mwenzi, kaeni wote. Kama uko peke yako, mwite dada au jirani anayejua lengo lako.

Kikao kina maswali manne. Giza hili tumeingiza kiasi gani na limekwenda wapi? Lengo limesogea kiasi gani? Nini kwenye kazi kilitupendeza? Nini kilituchosha, na tunaweza kukiacha au kumpa mtu mwingine? Swali la tatu watu hulicheka mara ya kwanza. Endelea kuliuliza. Baada ya giza tatu nne utaona majibu yanajirudia, na hayo ndiyo yatakuonyesha biashara yako ikue upande gani.

Katika kikao hichohicho ndipo panapoamuliwa michango. Kadi zote za harusi zilizokuja zinawekwa mezani, mnatazama zile 25,000, mnagawa. Nyingine zinapata 5,000, nyingine zinapata mkono wa kusaidia kupika, nyingine zinapata "hongera sana, safari hii sijajaliwa". Mjomba akinuna, atanuna wiki moja. Akija mwenyewe kuomba, usimjibu hapohapo, mwambie, "Mjomba, nitakujibu baada ya mbalamwezi." Ni jibu la heshima na ni la kweli.

Hatua ya 7: Jiandae na miezi mitatu

Akiba ya 60,000 kwa giza tisa inakupa 540,000, yaani 180,000 kwa kila mwezi wa kufungwa. Haifiki 220,000 ya matumizi ya kawaida, na pengo hilo la 40,000 linazibika kwa kazi ya muda: dagaa wakavu uliowahifadhi Aprili, ambao bei yao hupanda mzigo mpya usipoingia, au vibarua vya mawese, au mihogo ya shambani. Andika kabla ya 15 Mei utafanya lipi. Anayesubiri ziwa lifungwe ndipo afikiri, mara nyingi anakula mtaji.

Fungu la raha katika miezi hii lishushe hadi 8,000 au 10,000 kwa mwezi, lisifutwe, na hela yake itoke kwenye kazi hiyo ya muda. Badala yake una muda, kitu ambacho wakati wa giza hukuwa nacho. Nenda kamtembelee mama kijijini Buhigwe au Uvinza. Rekebisha chanja. Jifunze kupika sabuni. Watoto wafundishwe kuogelea sehemu salama, maana ni aibu mtoto wa Kigoma kuliogopa ziwa.

Na likitimia lengo kabla ya Mei, nunua ulichokusudia, kiandike kwenye daftari kwa bei yake halisi, na upitishe mbalamwezi moja nzima bila kupanga lengo lingine. Hakikisha kwanza kwamba magunia hayo kweli yanakulipa kuliko ulivyokuwa ukinunua kwa kukopa. Kama yanakulipa, kaa na daftari kikao kinachofuata. Kama hayalipi, rudi hatua ya kwanza ukiwa na mtaji mkononi.